Kihenge, Ghala na Kontena: Istilahi za Hifadhi ya Kuhamishika

UTANGULIZI

Kazi ya kusanifu istilahi yaweza kumdanganya mwenye kuifanya. Hukaa mezani, mbele yake orodha ya maneno ya kigeni, akayatafutia visawe kimoja baada ya kingine, na orodha inapokwisha hudhani kazi nayo imekwisha. Kumbe neno haliishi mezani. Huishi shambani, jikoni, karakanani na ofisini, na huko ndiko linakopimwa kama linafaa au halifai. Istilahi iliyoundwa vibaya huenda isimdhuru mwandishi wake hata kidogo, lakini yaweza kumtia njaa mtu aliye mbali sana na meza ile.

Makala haya yanakusudia kueleza istilahi chache zinazohusu vyombo vya kuhifadhia vitu ambavyo havikujengwa katika ardhi, bali husimikwa nyumbani au mahali pa kazi na kuweza kuhamishwa. Tutaanza na kisa kimoja cha Kasense, kisha tutayapitia maneno tuliyo nayo, tutaeleza namna vyombo vyenyewe vinavyosimikwa na kufanya kazi, na mwisho tutatoa mapendekezo yetu.

KISA CHA KASENSE

Kasense ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga, katika uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa. Mji wa Sumbawanga uko kwenye mwinuko wa takriban meta 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mvua huko ni ya msimu mmoja, huanza mnamo Novemba na kukoma Aprili au Mei. Baada ya hapo hufuata kiangazi chenye upepo mkavu na usiku wa baridi kali. Wafipa ni wakulima hodari tangu zamani, na kilimo chao cha matuta ya mboji, yaitwayo ntumba, kimeandikwa na wataalamu wengi. Mahindi, maharage, ulezi, ngano na alizeti ndiyo mazao yao makubwa. Mahindi huvunwa kati ya Juni na Julai. Nayo hayana budi kuilisha nyumba hadi mavuno mengine. Kwa hiyo katika nchi hii neno hifadhi si neno la vitabuni. Ni tofauti kati ya kula na kulala njaa mwezi wa Februari.

Mzee mmoja wa huko alituonyesha kihenge chake cha bati, kizuri, cha mviringo, kilichotengenezwa na fundi hodari. Karibu na shingo yake palikuwa na matundu kumi na mawili, yaliyotobolewa kwa msumari, kwa mpango mzuri kabisa. Tulipouliza kisa cha matundu yale, mzee alituletea karatasi ya maelekezo aliyokuwa ameihifadhi kwa uangalifu ndani ya daftari. Sentensi moja ilikuwa imepigiwa mstari: "Hakikisha kihenge kinapata hewa ya kutosha."

"Wanangu," alisema, "mimi nimesoma, nami nimetii. Bati lilikuwa halina hata tundu moja, nikaona fundi amesahau. Nikatoboa."

Mahindi aliyoyajaza mwezi wa Agosti aliyafungua Januari. Alikuta punje zilizotobolewa na unga wa wadudu. Karatasi ile haikusema uwongo. Iliandikwa kwa ajili ya kihenge kingine, kile cha fito na udongo, ambacho kweli huhitaji hewa. Na fundi naye hakukosea: kihenge chake kilikuwa cha namna inayotakiwa kuzuia hewa isiingie kabisa. Kosa lilikuwa katika neno. Vyombo viwili vinavyofanya kazi kwa njia zinazopingana viliitwa kwa jina moja, na maelekezo ya kimoja yakatumiwa kwa kingine. Gharama ya kosa hilo aliilipa mzee, wala si sisi tunaoshughulika na maneno.

MANENO TULIYO NAYO

Kiswahili si maskini wa majina ya mahali na vyombo vya kuwekea vitu. Tukiyatazama kwa makini tutaona kuwa kila moja lina eneo lake, ijapokuwa mipaka huvukwa mara kwa mara.

Ghala ni jengo la kuwekea mali kwa wingi. Asili yake ni Kiarabu, ambamo neno hilo huhusu mazao yatokayo shambani. Katika Kiswahili maana ilihama kutoka mazao hadi mahali pa kuyaweka. Sifa kuu ya ghala ni kuwa ni jengo: lina msingi, kuta na paa, wala halihami.

Bohari ni ghala la taasisi au la serikali, mahali ambapo mali huingia na kutoka kwa hati. Ndiyo maana tunasema Bohari ya Dawa, wala hatusemi bohari la mahindi ya mama.

Stoo ni chumba katika nyumba au ofisi. Neno hili lilitoholewa kutoka Kiingereza na limekwisha kuzoeleka. Wako wasiolipenda, lakini hatuoni faida ya kulipiga vita, kwani ghala ni kubwa mno kwa chumba kidogo kilicho nyuma ya jiko.

Uchaga ni jukwaa la miti lililoinuliwa kutoka ardhini kwa ajili ya kuwekea nafaka. Ndugu yake chaga limepata kazi mpya katika maghala ya siku hizi: ni fremu ya mbao inayotandazwa sakafuni ili magunia yasiguse saruji. Huu ni mfano mzuri wa neno la zamani kupewa kazi mpya bila ya kelele, kwa sababu wazo lenyewe halikubadilika: kuinua mali kutoka kwenye unyevu.

Kihenge ni chombo kikubwa cha kuhifadhia nafaka, kilichosukwa kwa fito au matete, mara nyingi kikakandikwa udongo, kikawekwa juu ya miti au mawe na kufunikwa kwa paa la nyasi. Ni neno la Kibantu, nalo limefika mbali. Leo hutumika hata kwa minara mikubwa ya chuma inayohifadhi maelfu ya tani, kama ile ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ulioanzishwa mwaka 2008. Minara hiyo huitwa "vihenge vya kisasa", nayo inaonekana Sumbawanga pia. Wengine huiita silo, neno la Kihispania lililotufikia kwa njia ya Kiingereza.

Kasha ni sanduku kubwa na imara. Tulilipata kwa Wareno. Kontena ni neno la Kiingereza lililotoholewa. Tutarudi kwenye mawili haya baadaye, maana historia yao ina funzo.

KUBEBEKA, KUHAMISHIKA NA KUKUNJIKA

Lugha yetu ina kiambishi -ik- (au -ek-, kwa kufuata irabu ya mzizi) chenye nguvu kubwa katika kuunda istilahi. Huonyesha kwamba kitu chaweza kutendewa jambo fulani: kinalika, kinasomeka, kinavunjika. Kwa vyombo vinavyoweza kutoka mahali hadi mahali, watafsiri wengi huandika "cha kubebeka" bila ya kufikiri. Sisi tunaonelea kuwa pana tofauti inayofaa kulindwa.

Kitu kinachobebeka ni kile ambacho mtu mmoja au wawili wanaweza kukichukua kwa mikono, kichwani au begani: kapu, tenga, debe, kasha dogo. Kitu kinachohamishika ni kile kinachoweza kuondolewa mahali na kusimikwa pengine, lakini kwa kazi maalumu: kwa watu kadhaa, kwa mkokoteni, kwa lori au kwa winchi. Kitu kinachokunjika ni kile kinachopungua ukubwa kinapokuwa kitupu, kama vile mfuko. Kihenge cha bati kikiwa kitupu huhamishika. Kikijaa hakihamishiki hata kidogo, wala hakipaswi kujaribiwa, kwani mishono yake ya lehemu itaachia. Karatasi inayomwambia mkulima kuwa kihenge chake "kinabebeka" inamwalika kuharibu mali yake.

Hali kadhalika kitenzi. Ghala hujengwa. Sanduku huwekwa. Lakini kihenge cha bati na kontena havijengwi wala haviwekwi tu. Vinahitaji kuandaliwa mahali, kusawazishwa na kuimarishwa. Kitenzi kifaacho ni kusimika, ambacho tayari tunakitumia kwa nguzo na mitambo.

HEWA RAFIKI NA HEWA ADUI

Sasa tufike kwenye kiini cha mambo. Kwa nini kihenge cha fito kinahitaji hewa, na cha bati hakiitaki?

Kihenge cha fito hupokea mahindi ambayo huenda hayajakauka sawasawa, mara nyingi yakiwa bado kwenye magunzi. Upepo wa kiangazi hupita katikati ya fito na kuendelea kuyakausha. Unyevu hutoka, ukungu haupati nafasi. Hapa hewa ni rafiki. Udhaifu wake ni kuwa panapopita hewa, mdudu naye hupita. Katika zama za fukusi peke yake, hasara iliweza kuvumilika. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1970 aliingia nchini mdudu mgeni mwenye asili ya Amerika, aliyegunduliwa kwanza mkoani Tabora, na wakulima wakampa jina la dumuzi. Dumuzi hutoboa punje, gunzi, hata mti wa kihenge chenyewe, na huacha unga mwingi. Tangu hapo ushauri ukawa kupukuchua mahindi mapema na kuyahifadhi yakiwa punje.

Kihenge cha bati hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Mahindi huingia yakiwa makavu, milango yote hufungwa, na hewa iliyobaki ndani haibadilishwi. Wadudu walioingia pamoja na nafaka huvuta oksijeni iliyomo, nayo hupungua siku hata siku. Hatimaye hukosa pumzi, huacha kula, huacha kuzaa, na hufa. Hakuna sumu inayohitajika. Mdudu hujiua kwa kupumua kwake mwenyewe. Lakini tundu dogo kama la msumari hutosha kuvunja mpango wote, kwa sababu oksijeni mpya huingia. Hapa hewa ni adui.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo ya mifuko yenye tabaka tatu, ambayo asili yake ni utafiti wa kuhifadhi kunde uliofanywa na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani pamoja na watafiti wa Kameruni kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Tabaka mbili za ndani ni za plastiki nzito, ya nje ni ya kiroba cha kawaida. Mifuko hiyo hukunjika na hubebeka, na humfaa mwenye magunia machache. Ila panya huweza kuitafuna, na dumuzi huweza kuitoboa. Bati hawaliwezi.

KUSIMIKA KIHENGE CHA BATI NYUMBANI

Tunaeleza hatua za kazi hii pamoja na majina ya sehemu zake, ili msomaji aone istilahi zikiwa kazini.

Kwanza ni kupima. Kihenge chenye kipenyo cha meta 0.90 na kimo cha meta 1.20 kina nusu kipenyo cha meta 0.45. Tukizidisha 3.14 kwa 0.45, kwa 0.45, kisha kwa 1.20, tunapata ujazo wa meta za ujazo 0.76 hivi. Meta moja ya ujazo ya mahindi yaliyopukuchuliwa ina uzito wa takriban kilo 720, hivyo kihenge hicho huchukua karibu kilo 550, yaani magunia matano na nusu ya kilo mia mia. Kabla ya kumwagiza fundi, mtu apime pia mlango wa nyumba. Kihenge cha kipenyo cha meta 0.90 hakipiti kwenye mlango wa meta 0.75, na hapo ndipo neno kuhamishika linapopata maana yake kamili.

Pili ni mahali. Kihenge cha bati hakisimikwi uani juani. Jua la mchana hulipasha bati moto, na baridi ya usiku wa Ufipa hulipoza ghafula. Unyevu uliomo katika hewa ya ndani hugeuka matone kwenye bati na kudondokea nafaka. Mafundi husema kwamba bati "linatoka jasho". Sisi hatuoni haja ya kutafuta neno lingine: jasho la bati ni istilahi iliyo tayari, fupi na ya wazi. Mahali pafaapo ni chini ya paa, penye kivuli, pasipovuja, mbali na moto wa jiko.

Tatu ni chaga. Chini ya kihenge huwekwa chaga ya mbao imara, iliyosawazishwa, ili kitako kisiguse sakafu. Hii huzuia kutu, na humwezesha mwenye nyumba kuchungulia kama panya wameanza kujenga. Pia kihenge kisigusane na ukuta. Nafasi ya kupitisha mkono na ufagio inatosha.

Nne ni kukagua. Kihenge kina milango miwili: mdomo wa kujazia ulio juu, na mdomo wa kutolea ulio chini ubavuni. Kila mmoja una kifuniko. Mtu huingiza kichwa katika mdomo wa juu mchana, mdomo wa chini ukiwa umefungwa, na kutazama kama panapenya nuru. Penye nuru pana tundu, na penye tundu pana hewa. Mahali hapo pazibwe kwa lehemu kabla ya punje moja kuingia.

Tano ni ukavu wa nafaka. Mahindi yanayouzwa sokoni hayatakiwi kuzidi unyevu wa asilimia 13.5, na kwa kihenge cha kuzuia hewa ni bora yawe chini ya hapo, maana unyevu ulioingia hauna pa kutokea. Asiye na kipimo aweza kutumia chumvi: atie chumvi kavu kidogo katika chupa kavu ya kioo, aongeze mahindi hadi theluthi ya chupa, atikise kwa dakika moja, kisha aiache itulie kwa robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi ni mabichi. Isiposhika, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi, nayo yaanikwe siku moja au mbili zaidi ili kupata uhakika. Baada ya kuanika, nafaka ipoe kwanza. Nafaka ya moto huliletea bati jasho.

Sita ni kujaza na kufunga. Mahindi hujazwa hadi karibu na shingo. Huwekwa mshumaa uliowashwa juu ya kisahani, kifuniko hufungwa, na mpira uliokatwa kutoka mpira wa ndani wa baiskeli huzungushwa mahali kifuniko kinapokutana na mdomo. Mshumaa hupunguza oksijeni na kuzimika. Yeye hamalizi kazi, bali huianza, na wadudu wenyewe huimaliza. Mdomo wa chini nao hufungwa kwa mpira vivyo hivyo. Kihenge kisifunguliwe kwa mwezi mmoja hivi. Baadaye, kila kinapofunguliwa hewa mpya huingia. Basi ni busara kutoa chakula cha wiki mbili au tatu kwa mara moja kuliko kufungua kila jioni kwa ajili ya kibaba kimoja.

KONTENA MAHALI PA KAZI

Hifadhi ya kuhamishika haiishii kwenye nafaka. Karibu kila mji wa Tanzania leo una makontena yaliyotulia kando ya barabara: moja ni duka, lingine ni stoo ya vifaa vya ujenzi, jingine ni ofisi. Historia yake ni fupi. Mwaka 1956 Mmarekani Malcom McLean alipakia makasha 58 ya chuma katika meli iliyoitwa Ideal-X, ikasafiri kutoka Newark hadi Houston. Faida ilionekana mara moja: mzigo haukupakuliwa kipande kipande, bali kasha zima lilihama kutoka lori hadi meli na kutoka meli hadi lori. Vipimo vikasanifiwa ulimwenguni. Kontena la futi 20 lina urefu wa meta 6.06, upana wa meta 2.44 na kimo cha meta 2.59 kwa nje, na likiwa tupu huwa na uzito wa zaidi ya tani mbili.

Hapa lugha imefanya jambo la kupendeza bila ya kuagizwa na baraza lolote. Bandarini watu huandika makasha: shehena ya makasha, kupakua makasha. Mitaani husemwa kontena: duka la kontena, fundi yuko pale kontenani. Neno la zamani la Kireno limekamata maana ya chombo cha usafirishaji, na neno jipya la Kiingereza limekamata maana ya chumba cha chuma kilichoacha safari kikapata makao. Tunashauri mgawanyo huo uachwe uendelee, kwani unasaidia.

Kusimika kontena kazini kuna mambo machache ya msingi. Mwenye nalo apate kwanza idhini ya wenye mamlaka ya eneo. Ardhi iwe ngumu, isiyotuamisha maji. Uzito wote wa kontena hukaa kwenye pembe zake nne, kwa hiyo pembe hizo ziwekwe juu ya matofali au vipande vya zege vilivyosawazishwa. Pembe moja ikizama, fremu hupinda na milango hukataa kufungwa. Milango isielekee upande wa upepo wa mvua. Mwisho, kontena lililogeuzwa stoo au ofisi hutobolewa matundu ya hewa yenye wavu, maana humo pia jasho la bati ni kubwa, na mtu akaaye ndani anahitaji kupumua. Msomaji atakuwa ameona: chombo cha bati cha kwanza hakitobolewi kabisa, cha pili lazima kitobolewe. Vyote viwili ni vya bati. Basi jina linalotaja bati peke yake halisemi lolote la maana.

DAWA AU KIUATILIFU

Kabla ya mapendekezo, hatuna budi kutaja neno moja la hatari. Wakulima, wauzaji na hata baadhi ya maandishi huita "dawa ya mahindi" kila kitu kinachoua wadudu. Neno dawa lina heshima ya hospitali. Humfanya mtu adhani kuwa kinachoponya nafaka hakiwezi kumdhuru mtoto. Viko vidonge vinavyotoa mvuke wa sumu, na mvuke huo katika nyumba wanamolala watu huua. Istilahi viuatilifu imekwisha kupata makao. Mwaka 2020 ilitumika hata katika jina la Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Tunaomba waandishi wa maelekezo waitumie, na penye sumu waandike sumu. Tena kihenge kilichofungwa barabara hakihitaji sumu hiyo. Lakini mtu hawezi kulijua hilo kama jina la kihenge halimwambii namna kinavyofanya kazi.

MAPENDEKEZO

Kwa desturi, mwundaji wa istilahi hutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, ndipo aende katika lugha za kigeni. Njia hii ndiyo iliyotupa ikulu, na ngeli kutoka Kihaya. Katika suala letu hatukuhitaji kwenda mbali. Tunapendekeza yafuatayo:

(a) Neno kihenge lihifadhiwe kama jina la jumla la chombo cha kuhifadhia nafaka, kiwe cha fito, cha bati, cha plastiki au mnara wa chuma. Ni neno letu, nalo limekubalika.

(b) Kihenge ambacho kazi yake hutegemea kupita kwa hewa kiitwe kihenge cha hewa.

(c) Kihenge ambacho kazi yake hutegemea kuzuia hewa kiitwe kihenge funge. Neno funge si geni: wanaisimu husema silabi funge kwa silabi iliyozibwa na konsonanti mwishoni. Ni fupi, halibadiliki kwa ngeli, na hueleweka na kila ajuaye kufunga. Kwa njia hiyo hiyo tutasema mfuko funge na pipa funge.

(d) Jina "kihenge cha bati" lisitumike peke yake katika maelekezo, kwa kuwa hutaja kilichotumika kutengenezea wala si namna ya kufanya kazi.

(e) Kubebeka litumike kwa kichukuliwacho kwa mwili wa mtu; kuhamishika kwa kihitajicho chombo au kundi la watu; kukunjika kwa kipunguacho ukubwa kikiwa kitupu; na kusimika kiwe kitenzi cha kuandaa na kukalisha chombo mahali pake.

(f) Sentensi yoyote ya maelekezo inayotaja hewa iseme wazi ni hewa gani na iko wapi: hewa ya ndani ya chombo, au hewa ya chumba kilimo chombo. Karatasi ya mzee wa Kasense ingeandikwa, "Kihenge funge kisipitishe hewa hata kidogo, chumba kilimo kihenge kipitishe hewa vizuri," msumari usingeguswa.

Wapo watakaosema kwamba wananchi hawatalikubali neno funge, kwamba wataendelea kusema kihenge tu. Huenda. Lakini hatukusudii kumlazimisha mtu namna ya kuzungumza nyumbani kwake. Tunachotaka ni kwamba anayechapa maelekezo, anayefundisha wakulima na anayetengeneza chombo watumie neno moja kwa kitu kimoja. Fundi akiandika neno FUNGE kwa rangi kwenye ubavu wa kihenge, kazi ya istilahi itakuwa imefanyika bila ya kamusi.

HITIMISHO

Tulipoagana na mzee yule tulimweleza habari ya hewa rafiki na hewa adui. Alisikiliza hadi mwisho, akaitazama tena karatasi yake, akauliza kwa upole: "Sasa hili mlilonieleza ninyi, kwa nini halikuandikwa?" Hatukuwa na jibu la haraka. Siku ya pili fundi aliyaziba matundu yale kumi na mawili kwa lehemu, moja baada ya jingine, na mzee akasimama karibu akiyahesabu.

Swali lake tunalileta hapa mbele ya wasomaji wetu, hasa wale wanaotafsiri maelekezo ya vyombo, mbegu na sumu. Maoni kuhusu istilahi tulizozipendekeza, pamoja na majina ya vyombo vya hifadhi yatumikayo katika lugha za mikoa mbalimbali, yatapokelewa kwa shukrani. Neno jema laweza kuwa liko tayari katika kijiji fulani, likisubiri mtu wa kuliuliza.